Nukta Saba Nje ya Mstari

Mwalimu Projestus alikuwa na jina la pili ambalo halimo kwenye cheti chake chochote: Mstari. Wanafunzi walimwita hivyo wakidhani hajui. Alijua, na moyoni lilimpendeza kuliko lile la ubatizo, maana la ubatizo alipewa akiwa amelala, hili alilitolea jasho. Kwa miaka ishirini na mitatu hapakuwa na mwanafunzi wake aliyeingia mtihani wa vitendo wa fizikia akatoka na grafu iliyopinda. Wanafunzi wa shule nyingine walichora grafu kama njia ya ng'ombe kwenda mtoni. Za kwake zilinyooka.

Siri yenyewe haikuwa uchawi. Maabara ilikuwa na saa nne za kubonyeza, mbili zikiwa zimekufa na moja ikiwa na tabia ya kufikiri kwanza kabla ya kusimama. Wanafunzi walikuwa tisini. Dirisha la upande wa bonde halikuwa na kioo, upepo uliingia bila hodi, na jiwe lililoning'inizwa kwenye uzi likabembea kwa matakwa yake. Ukiwaacha watoto wapime walichokiona, kila mmoja angetoka na dunia yake. Basi Mwalimu akawafundisha kwenda kinyumenyume.

"Jibu mnalijua?" aliwauliza.

"Tunalijua!"

"Mteremko unatakiwa uje ngapi?"

"Nne!"

"Haya. Anzieni kwenye nne, mrudi nyuma mpate vipimo. Na nukta ikikataa kukaa kwenye mstari, msigombane nayo. Ishikeni mkono, muirudishe nyumbani."

Darasa lilikuwa likicheka, naye anacheka nalo. Hakuvujisha mtihani, hakuuza jibu. Aliona anawakinga watoto wa wakulima wasiadhibiwe kwa ubovu wa saa ambazo hawakuzinunua wao. Wasahihishaji walitaka mstari, na mtoto anayepeleka mstari anafaulu. Hapo dhambi iko wapi?

Katika wote waliopita mikononi mwake, hakuna aliyerudisha nukta nyumbani kwa ustadi kama Ineza, binti wa Véronique, mama mjane aliyelima maharage na migomba njia ya kwenda Rulenge. Ukoo wao ulivuka mto Ruvubu zamani kutoka Burundi, ukabaki. Ineza alitoka shuleni hapo na alama za juu kabisa, akaenda chuo, akamaliza, akapata ufadhili wa kwenda Ulaya kusomea udaktari wa fizikia, ule wa vitabu, si wa sindano. Picha yake Mwalimu aliibandika ukutani mwa maabara. Kila mwaka kidato cha kwanza walipoingia aliwaonyesha. "Huyu alikalia stuli hiyohiyo unayoitikisa wewe."

Kwa hiyo Jumamosi ile ya Agosti, vumbi jekundu likiwa limeshalala mpaka kwenye vichwa vya bomba, Mwalimu alipoinua macho akamwona Ineza mwenyewe amesimama mlangoni mwa maabara, alifurahi akaangusha bisibisi.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba! Marahaba, daktari! Umeingia lini? Mbona hukusema, tungekuja kukupokea na tarumbeta pale stendi?"

"Juzi. Nimekuja na basi la Mwanza." Alitazama picha yake ukutani, akaitazama kidogo tu. "Halafu usiniite daktari, Mwalimu. Bado. Huenda nisiwe kabisa."

Mwalimu alikuwa na mzaha tayari mdomoni, wa harusi, akaumeza. Msichana alikuwa amekonda. Nguo yake ilikuwa nzuri, viatu vizuri, lakini mikono aliishika mbele kama mtu anayesubiri kuitwa ofisini kwa mkuu wa shule.

"Kaa," alisema. "Niambie unachosoma huko kwanza. Ubaya tutaufikia, hauna miguu ya kukimbia."

Ineza hakukaa. Alichukua chaki. Ndivyo alivyokuwa tangu akiwa mdogo, ukimpa kiti anachukua chaki. Akachora duara ubaoni.

"Hiki ni kisahani cha chuma kilichochanganywa na nikeli. Chembamba. Ukipanga elfu mbili juu kwa juu ndipo unapata unene wa unywele mmoja."

"Hapo si kisahani tena, ni uvumi."

Ineza akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza. "Ndani yake kuna vijisumaku visivyohesabika. Kwa kuwa nafasi ni ndogo, vinaona bora vipatane. Vinajipanga kwa duara, kila kimoja kimemfuata mwenzake mgongoni, kama watu wanaocheza ngoma kwa kuzunguka."

Mwalimu alikodoa macho kwenye ule mchoro. "Na aliye katikati kabisa? Anamfuata nani?"

"Eh!" Ineza alimwelekezea chaki. "Kule wenzangu walichukua wiki nzima kuuliza hilo. Wa katikati hana wa kumfuata. Kila upande akigeuka anampinga mtu. Basi anasimama wima, anatazama juu."

"Maskini."

"Huyo ndiye kitovu. Ndiye tunayemsaka. Ukikipa kisahani teke dogo la sumaku, kitovu kinasogea kando, lakini hakirudi moja kwa moja. Kinazunguka, kinazunguka, mpaka kitulie. Na kasi ya kuzunguka haitegemei umekipiga teke kubwa au dogo. Inategemea umbo la kisahani: unene wake kwa upana wake."

"Kama pendulamu," Mwalimu alisema polepole.

"Kama pendulamu. Ndiyo maana nilikipenda." Akachora mistari miwili ya grafu. "Nikapima visahani arobaini na kimoja, vya unene mbalimbali. Unene huku, kasi huku. Inatakiwa itoke hivi." Akapiga mstari, na mkono wake haukutikisika. "Thelathini na vinne vikakaa. Saba vikakataa. Vilikuwa vinazunguka haraka mno, viko juu huku, peke yao."

"Saa mbovu," Mwalimu alisema papo hapo.

Ineza aliteremsha chaki.

"Nami nilisema hivyohivyo, Mwalimu. Saa mbovu. Kumbe saa ya kule haikuwa mbovu."

Upepo wa dirishani ukageuza karatasi mezani, Mwalimu akaikandamiza kwa kiganja bila kuitazama.

"Ukazifanyaje hizo saba?"

"Nilizishika mkono, nikazirudisha nyumbani."

Alisema bila kejeli. Hilo ndilo lililomchoma Mwalimu. Kama angekejeli, angejibu.

Ineza akaeleza yaliyobaki akiwa amempa mgongo, akiongea na ubao. Vile visahani saba vilikuwa na kasoro. Vishimo vya kuzaliwa navyo, vidogo kuliko udogo, mahali chuma hakikukaa vizuri kilipomwagwa. Kitovu kikipita karibu na kishimo kinanasa humo. "Kama mbuzi aliyefungwa kamba. Anazunguka mambo yake, duara kubwa, taratibu. Siku moja kamba inanasa kwenye kisiki. Sasa kamba imekuwa fupi, anazunguka kisiki, duara dogo, haraka haraka. Ukimwona kwa mbali utasema mbuzi kachanganyikiwa. Hajachanganyikiwa. Anakuonyesha kisiki kilipo." Profesa wake, mama mmoja mpole asiyepandisha sauti, alirudia vipimo mwenyewe akaviona vishimo hivyo. Akamwita Ineza ofisini, akaweka karatasi mbili sambamba, ya kwake na ya Ineza. Akasema: hivi saba ndivyo vilivyokuwa na habari. Vile thelathini na vinne vilikuwa vinatuambia tunachokijua.

"Alilia," Ineza alisema. "Mimi sikulia, yeye alilia."

"Sasa wanasemaje?"

"Nimesimamishwa. Kuna kamati inakaa mwisho wa mwezi. Wakisema nilidanganya kwa makusudi, nafukuzwa, na popote nitakapoomba watajua. Wakisema sikufunzwa vizuri, narudia mwaka, nafunzwa upya, naendelea. Nimewaambia ndivyo tulivyofundishwa praktikali tangu sekondari, kwamba kwetu kurudisha nukta ilikuwa usafi, kama kufuta daftari. Hawaniamini. Wanadhani natunga. Mmoja aliuliza, mwalimu gani duniani anaweza kufundisha hivyo?"

Mwalimu Projestus aliokota bisibisi yake.

"Wanataka barua," Ineza alisema, na sasa akageuka. "Kutoka kwako moja kwa moja, isipitie kwangu, yenye muhuri wa shule. Ueleze tu ilivyokuwa. Saa nne, wanafunzi tisini, kwenda kinyumenyume. Huna haja ya kuniombea. Ukweli wenyewe utaniombea."

"Nitaandika," alisema. "Mwanangu, nitaandika kesho baada ya misa. Hilo usiliwazie."

Ineza akaja akamshika mkono kwa mikono yake miwili, akapiga goti kidogo kama alivyofunzwa na mama yake, akatoka. Mwalimu alibaki anatazama ubao. Alitaka kuufuta, akaona vibaya.

Sasa huyu Mwalimu naye alikuwa na lake. Mwezi huohuo jina lake lilikuwa limepelekwa juu ili awe Mthibiti Ubora wa Shule, kituo Biharamulo. Biharamulo ndiko kwao. Ndiko mke wake, Bernadetha, alikokuwa na mama mzee asiyeona, anayelishwa na majirani kwa zamu, na kila Jumapili Bernadetha akipiga simu huko alizungumza kwa sauti ya juu ya furaha, akikata anakwenda kukaa jikoni peke yake. Walikuwa wamesubiri uhamisho kwa miaka tisa. Ulipokuja, ukaja umevaa suti.

Jumapili baada ya misa akaandika. Alikaa barazani na karatasi ya mistari, kalamu ya bluu, akaandika kwa Kiingereza chake cha diploma, kilichonyooka kama grafu zake. Aliandika yote. Saa, dirisha, tisini, nne, kinyumenyume. Aliandika: mimi ndiye niliyemfundisha, yeye alifanya nilichomfundisha kwa bidii kuliko wengine. Alipomaliza alijisikia mwepesi kama mtu aliyetapika.

Bernadetha alitoka akijifuta mikono, akaichukua. Alikuwa mwalimu wa awali, Kiingereza alikijua cha kumtosha.

"Hii barua ni ya nani?"

"Ya Ineza."

"Sivyo. Hii ni ya kwako. Umejishtaki mwenyewe, umejisomea hukumu, imebaki kujifunga pingu." Akaishusha. "Mume wangu, wewe unakwenda kuwa mtu wa kukagua maabara za wenzako. Unaandika kwa mkono wako, na muhuri, kwamba miaka ishirini na mitatu ulikuwa unapika vipimo?"

"Siku hizi barua za Ulaya zinaishia Ulaya."

"Siku hizi? Siku hizi hata mtu akikohoa Rulenge, Ngara mjini wanajua dawa aliyokunywa."

"Mtoto atafukuzwa, Mama."

"Simwombei afukuzwe. Nampenda Ineza kama unavyompenda. Msifie. Sema ni mtoto mwema, mwaminifu, mchapakazi, uongo uko wapi hapo? Wazungu wanapenda barua za sifa." Kisha akasema kwa sauti nyingine, "Mama juzi ameanguka akienda chooni. Sikukwambia."

Alirudi ndani akamwacha na karatasi.

Jumatatu asubuhi simu ikaita. Alikuwa Venance, rafiki yake wa ofisi ya elimu wilayani, mtu wa kucheka hata akitoa rambirambi. "Mstari! Umepita, bwana. Imebaki saini moja tu. Sasa tulia. Usigombane na mtu, usipige mtoto fimbo, usiandike barua ya malalamiko. Kuwa kama maji ya mtungini."

"Nimekuelewa."

"Kama maji ya mtungini!"

Mchana huo, katika maabara, akaandika barua ya pili. Jambo la ajabu ni kwamba haikumchukua hata nusu saa. Mkono uliijua kazi. Alijua jibu linalotakiwa: barua nzuri, ya mwalimu mwema, juu ya mwanafunzi mwema. Akaanzia hapo, akarudi nyuma. Sentensi iliyokaa vizuri aliiacha. Zile za saa mbovu, za wanafunzi tisini, za kinyumenyume zilikataa kukaa, akaziondoa moja baada ya nyingine. Akaongeza chache za kuziba pengo. Aliandika kwamba Ineza alikuwa kielelezo cha shule. Aliandika kwamba *katika maabara yetu alifundishwa usahihi wa hali ya juu na uaminifu katika kila kipimo*. Akaisoma, akaona imenyooka.

Mkuu wa shule, Marcel, aliisoma akiwa amesimama, akagonga muhuri. "Barua tamu hii. Hata mimi nitakapokufa uniandikie wewe."

Mwalimu akapanda bodaboda mpaka Ngara mjini, kwenye duka la steshenari karibu na soko, wakaiskani, ikatumwa kule kwa kamati. Akiwa anateremka kilima kurudi stendi akampigia Ineza.

"Imekwenda."

"Umeeleza yote, Mwalimu?"

Pikipiki ilikuwa inapita, ikampa sekunde mbili za kuwa mtu mwingine. Ikapita.

"Yote," alisema.

"Mungu akulipe," alisema Ineza. Mwalimu akakata simu.

Zilipita wiki tatu. Barua ya uteuzi ilifika katika wiki ya pili. Walimu wakamchangia keki, Marcel akatoa hotuba, wanafunzi wa kidato cha nne wakaimba. Bernadetha akaanza kufunga vyombo kwenye magazeti. Simu za Jumapili kwenda Biharamulo sasa zilikuwa za furaha kweli, na Mwalimu akizisikia kutoka barazani alijiambia kwamba kamati za Ulaya nazo zina watu, na watu hupenda sifa, na mtoto atarudia mwaka, na siku moja wote watakuja kucheka. Alijiambia hivyo mara nyingi kwa siku, kama mtu anayejikuna.

Ujumbe wa Ineza uliingia siku ya Alhamisi, saa nne, walimu wakinywa chai na mihogo. Hakuandika neno lake hata moja. Alituma picha ya ukurasa wa uamuzi wa kamati tu. Mwalimu akaweka kikombe chini, akaupanua kwa vidole viwili.

Walikuwa wameandika kwa adabu. Walisema walizingatia kwa uzito maelezo ya mwanafunzi kwamba alifunzwa vibaya tangu sekondari. Walisema kwa sababu hiyo waliisoma kwa makini barua ya mwalimu wake wa zamani. Na mwalimu wake mwenyewe, waliandika, anathibitisha kuwa alifundishwa uaminifu katika kila kipimo. Hivyo mwanafunzi hawezi kudai kwamba hakujua. Kubadili vipimo saba kulikuwa udanganyifu wa makusudi, na kumsingizia mwalimu wake kumeongeza uzito wa kosa.

Ameondolewa chuoni.

"Vipi, Mthibiti," mwalimu mmoja alimtania, "wameshaanza kukutumia nyaraka?"

"Wameanza," alisema.

Kama asingeandika kitu, wangekuwa na neno la Ineza peke yake, na neno la mtu peke yake hutiliwa shaka, lakini nalo ni neno. Yeye ndiye aliyewapa la kulipinga. Alikwenda maabara akafunga mlango. Ule mchoro wa ubaoni ulikuwa umeshafutwa na wa zamu ya usafi, ukutani picha ilikuwa bado inacheka. Alikaa humo vipindi viwili ambavyo hakuwa navyo.

Jumapili akaenda kwa kina Ineza. Alimwambia Bernadetha anakwenda kuaga. Njiani, juu ya bodaboda, alipanga maneno. Nitamwambia mbele ya mama yake. Nitasema: niliandika mbili, nikatuma ya uongo. Nitaandika tena, leo hii, nitawapelekea ile ya kwanza, nitaeleza kila kitu, Biharamulo iende inakokwenda. Kwa kweli alikuwa amelikata shauri. Mtu angemwona pale juu ya pikipiki, kofia kubwa kuliko kichwa, vumbi usoni, angeona mtu anayekwenda kufanya jambo jema.

Aliwakuta nje, chini ya kivuli cha nyumba. Véronique amekaa kwenye mkeka anapepeta maharage, jirani yao Consolatha kando yake anatafuna kipande cha muwa. Ineza alikuwa amevaa khanga na fulana, jembe limeegemezwa ukutani, matope mabichi ya bondeni yakiwa bado kwenye miguu yake. Alimwamkia vizuri, akamletea stuli. Hakumtazama.

Véronique aliacha ungo akasimama, akamkumbatia kwa desturi ya kwao, akimgusa mikono mpaka mabegani.

"Mwalimu! Imana iguhe umugisha," alimbariki kwa lugha yake, kisha kwa Kiswahili cha sokoni, "Mungu akupe, akuongeze. Wale watu wamemfukuza mwanangu. Sawa. Mimi sijui mambo ya visahani. Lakini najua hapa duniani alitetewa na mtu mmoja, wewe."

"Mama Ineza, mimi nimekuja..."

"Ngoja. Consolatha hajaamini. Nimemwambia Mwalimu aliandika barua ya kumtetea, na muhuri, akasema mpaka asikie mwenyewe. Ineza, si walikutumia ile barua? Soma. Soma kwa Kiswahili, wote tusikie."

"Mama, acha," Ineza alisema.

"Niache nini? Soma, mwenyewe yupo."

Mwalimu alifungua mdomo. Ineza alikuwa ameshatoa simu. Akaisoma, sentensi kwa sentensi, akiitia kwenye Kiswahili taratibu, kwa sauti ileile aliyokuwa akisomea maswali ya mtihani akiwa na miaka kumi na sita. Hakuruka neno wala kulimumunya. Kielelezo cha shule. Mtoto wa malezi bora. Mchapakazi. Alipofika pale akasoma, "Katika maabara yetu alifundishwa usahihi wa hali ya juu, na uaminifu katika kila kipimo," akaendelea mpaka kwenye jina, cheo na tarehe.

Véronique alikuwa analia. Consolatha alikuwa ameacha kutafuna.

"Umeona?" Véronique alimwambia jirani. "Umeona mtu? Kuna ndugu wa damu asiyeweza kukuandikia hivyo." Akamgeukia Mwalimu. "Nasikia mnahamia Biharamulo. Mungu amekulipa papo hapo! Si nilisema, Consolatha? Wema haupotei."

Ilikuwa nafasi yake hiyo. Mwalimu Projestus aliutazama uso wa yule mama uliolowa, ulioridhika, akaona kwamba akisema neno moja tu mama atakuwa amenyang'anywa hata hicho kidogo alichobakiwa nacho. Ndivyo alivyojieleza. Yeye alikuwa hodari wa kuona sababu njema. Akasema, "Ni kazi yetu, Mama." Ndilo lililotoka.

Ineza aliinua macho, kwa mara ya kwanza, akamtazama kama anavyotazamwa mtu aliyemaliza mtihani kabla ya muda.

"Mletee Mwalimu kinywaji," Véronique alisema. "Kile kibuyu cha nyuma ya mlango, kimeiva vizuri."

Ineza akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha urwarwa, pombe ya ndizi, mrija umesimama ndani yake. Kwa watu wa pande hizo, anayekupa kinywaji hukionja yeye kwanza. Anavuta, unamwona anameza, ndipo anakukabidhi. Haikuandikwa popote, na hakuna anayeikosea, hata mtoto, hata mlevi. Ni njia ya kusema: kati yangu na wewe hakuna jambo.

Ineza alikuja mpaka mbele ya stuli, akapiga goti kidogo kama inavyotakiwa. Hakuonja. Alikinyoosha kibuyu kwa mikono miwili, moja kwa moja.

"We Ineza!" Mama yake alishtuka. "Onja kwanza! Una nini leo? Unampa hivyo mgeni, tena Mwalimu wako?"

Ineza hakurudisha mikono. Consolatha alimtazama yeye, akamtazama Mwalimu, na kwa kuwa alikuwa mwanamke aliyeona mengi, akainamisha uso kwenye maharage.

"Ineza, nasema na wewe!"

Mwalimu alikipokea. Aliinamia mrija upesi, kabla yule mama hajainuka kwenye mkeka, akavuta mpaka mashavu yakaingia ndani, akameza, akavuta tena.

"Mwache, Mama Ineza," alisema. "Nimeshakunywa."